Picha za send-off zimepotea, au zimefunikwa?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunapiga picha za harusi, send-off na kitchen party, na ofisi yetu ni sebule ya nyumba tunayopanga Segerea. Kompyuta ya mezani tunayochakatia picha ina Ubuntu na SSD ya GB 256. Mwaka jana kaka yangu alituletea kutoka Dubai boksi la hifadhi ya mtandao, hizi wanazoziita NAS, lenye diski mbili za TB 4. Tumeliunga kwenye rauta, tukanukuu mstari mmoja mahali tukauweka kwenye /etc/fstab, ile faili inayoiambia Ubuntu ipachike diski gani ikiwaka:

`192.168.1.7:/volume1/picha /home/studio/Hifadhi nfs defaults 0 0`

Mwanzoni, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ilikuwa inachelewa sana kuwaka, inakaa tu kwenye skrini nyeusi. Kijana mmoja akatushauri tuongeze neno nofail baada ya defaults, ikaanza kuwaka haraka. Ijumaa umeme ulikatika jioni ukarudi. Usiku tukamwaga picha za send-off kwenye folda ya Hifadhi, tukaziona kwa macho yetu. Jumapili tumewasha kompyuta: picha zote za zamani zipo, za Ijumaa hakuna hata moja. Kadi za kamera tulishazifuta kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Na kompyuta nayo inalalamika diski imejaa: df inasema imebaki GB 6, wakati tukijumlisha folda zote hatufiki hata GB 100. Boksi limekufa? Turudi Windows? Halafu kunakili ni polepole mno, na mume wangu kwa laptopu yake ya Windows hawezi kubadilisha wala kufuta faili nilizoweka mimi.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa: msifute kitu, msifomati chochote, msipakie Ubuntu upya. Kadi zilizotumika Ijumaa zitoeni kwenye kamera mziweke kando, msizipigie tena mpaka tumalize. Sidhani kama tutazihitaji. Naamini picha za Ijumaa zipo, nzima, ndani ya kompyuta yenu wenyewe, na kilichonipa imani hiyo ni hesabu uliyoniandikia mwishoni, ile ya diski iliyojaa vitu ambavyo havionekani.

Kwenye Windows boksi la mtandao hupewa herufi yake, tuseme Z. Boksi lisipopatikana, Z inapata alama nyekundu na kila mtu anajua kuna tatizo. Linux, ambayo Ubuntu yenu ni aina yake, haina herufi. Unachagua folda yoyote tupu, halafu amri ya mount inalipachika boksi juu ya folda hiyo. Fikiria sakafu na mkeka. Folda ya Hifadhi ndani ya SSD ni sakafu, boksi la mtandao ni mkeka unaotandikwa juu yake. Mkeka ukiwepo, kila unachoweka kinakaa juu ya mkeka. Usipokuwepo, unaweka sakafuni, na sakafu inapokea bila kukuuliza, maana nayo ni folda halali ya kwako. Siku mkeka ukitandikwa tena, vilivyo sakafuni vinafunikwa. Havijafutwa, ila huvioni mpaka mkeka ukunjwe.

Sasa irudie Ijumaa yenu. Umeme umerudi. Kompyuta yenye SSD inawaka kwa nusu dakika. Rauta inataka dakika moja au mbili, na boksi lenye diski mbili za kuzunguka linachukua dakika kadhaa mpaka liwe tayari. Kompyuta ikaamka ya kwanza, ikaliita boksi, haikujibiwa. Zamani, bila nofail, ingesubiri: programu inayosimamia uwashaji wa Ubuntu, systemd, kwa kawaida hungoja sekunde 90, na huko ndiko kulikuwa kuchelewa kwenu kwenye skrini nyeusi. Neno nofail lilimaanisha "boksi likikosekana endelea tu". Ikaendelea, na haikurudi kujaribu tena. Ninyi mkakuta folda inaitwa Hifadhi kama siku zote, mkamwaga picha. Jumapili mmewasha kompyuta boksi likiwa tayari macho, mkeka ukatandikwa, picha zikabaki chini.

Ndiyo maana hesabu hazilingani. Amri ya df inauliza diski nzima imetumika kiasi gani. Kujumlisha folda moja moja ni kutembea juu ya mikeka, huwezi kuona kilicho chini. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni zaidi ya GB 120, na send-off moja haifiki huko. Kwa hiyo jiandae: nadhani utakuta chini kuna kazi za siku nyingi, si za Ijumaa peke yake.

Njia ya kuzitoa. Mtu anaweza kuukunja mkeka wote kwa umount, lakini napendelea njia inayokuonyesha sakafu huku boksi likiwa bado mahali pake:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind /home/studio /mnt/chini`
`ls /mnt/chini/Hifadhi`

Amri ya pili inafungua mlango mwingine wa kuingilia folda ya studio, na mlango huo unaonyesha SSD yenyewe bila vitu vilivyopachikwa juu yake. Amri ya tatu inakuorodheshea vilivyo chini. Ukiziona picha, usizihamishe palepale. Chomeka diski ya nje yenye nafasi, nakili folda nzima huko kwanza, ili wakati wa kufanya kazi nyingine usiwe na nakala moja tu mkononi. Kisha zipeleke kwenye boksi:

`rsync -av --ignore-existing /mnt/chini/Hifadhi/ /home/studio/Hifadhi/`

Angalia mikwaju (alama ya /) ya mwisho wa njia zote mbili, ina maana. Neno la --ignore-existing nimeliweka kwa sababu ya kazi yenu: kamera huhesabu picha kwa tarakimu nne, zikifika 9999 inaanza tena 0001. Ndani ya mwaka wa harusi lazima mna picha mbili tofauti zenye jina moja, na sitaki ya Ijumaa imfunike bibi harusi wa Februari. Ikimaliza, hakiki:

`rsync -rcnv /mnt/chini/Hifadhi/ /home/studio/Hifadhi/`

Hii hainakili kitu. Inasoma kila faili pande zote mbili, inalinganisha yaliyomo, inakutajia zisizolingana. Itachukua muda mrefu, iacheni usiku. Jina lolote itakalolitaja ni picha iliyokuta mwenye jina lake tayari yuko kwenye boksi. Hiyo inakili kwa mkono kwenye folda yenye jina la tukio lake. Baada ya hapo tu ndipo mfute vilivyo ndani ya /mnt/chini/Hifadhi, mkiisoma njia hiyo mara mbili kabla ya kubonyeza, kisha `sudo umount /mnt/chini`. Nafasi ya SSD itarudi.

Nimekaa sana hapa kwa sababu najua uzito wa kazi yenu. Mtu anaweza kurudia kuandika ankara, lakini send-off hairudiwi. Na mimi jambo hili lilinipata. Nilikuwa na programu ndogo ya kunakili kazi za wateja kila usiku wa manane kwenda kwenye hifadhi ya mtandao. Wiki moja hifadhi haikupachikwa, programu ikaendelea kumwaga nakala sakafuni, diski ya mfumo ikajaa mpaka kompyuta ikashindwa hata kunifungulia dawati. Nilitumia siku nzima nikitafuta virusi ambavyo havikuwepo. Tangu hapo sipachiki kitu cha mtandao kwa namna ambayo sakafu inaweza kupokea mzigo.

Kwa hiyo turekebishe hapo, na jibu la swali lako la Windows ni hapana, hamhitaji kurudi. Boksi lenu ni zima na Ubuntu yenu ni nzima. Kilichokosewa ni mstari mmoja ulioandikwa kwa nyumba ambayo umeme hauzimiki.

Nasema hivyo nikikumbuka historia yake. NFS, lugha ambayo mstari wenu unaitumia, ilitoka katika kampuni ya Sun Microsystems huko California mwaka 1984, kwa ajili ya ofisi na vyuo vyenye seva inayowaka mchana na usiku. Ni lugha yenye subira. Seva ikizimika katikati ya kazi, kompyuta inangoja, hata saa nzima, na seva ikirudi inaendelea ilipoishia. Subira hiyo ni nzuri sana kwa kulinda data, ila inaanza baada ya kupachika. Kabla ya hapo inadhani seva ipo. Dar es Salaam inabidi tuanze na dhana iliyo kinyume: boksi halipo, mpaka lithibitishe lipo.

Ubuntu ina njia ya kufanya hivyo na watu wengi hawaitumii. Ni neno x-systemd.automount. Ukiliweka, wakati wa kuwaka kompyuta haihangaiki na boksi kabisa. Badala yake inatandika juu ya sakafu kitu kama mkeka wa mlinzi: hauna kitu, lakini umeifunika sakafu. Siku ukigusa folda, mlinzi analiita boksi. Likiitika, linapachikwa papo hapo, unaendelea na kazi. Lisipoitika, unapata ujumbe wa kosa. Huo ujumbe wa kosa ndio ninaoutaka. Ijumaa ungekataliwa kuhifadhi, ungeudhika dakika tatu, boksi lingeamka, ungejaribu tena na picha zingeingia mahali pake.

Kabla sijakupa mstari mpya, lazima tuamue lugha, maana hapo ndipo pana tatizo la shemeji. NFS ya kawaida ya nyumbani haiangalii majina ya watu, inaangalia namba. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu ni namba 1000, hivyo kila faili unayoandika inafika kwenye boksi ikiwa mali ya namba 1000. Shemeji kwa Windows anaingia kwa jina na nywila, na boksi lina namba yake tofauti kabisa kwa ajili yake. Kwa boksi, faili zako ni za mgeni. Mnaweza kupatanisha namba hizo, lakini kwa nyumba yenye Windows na Linux pamoja mimi sioni faida ya kuhangaika. Hamieni SMB, lugha ambayo Windows inaizungumza tangu zamani, na Linux inaielewa vizuri. Upande wa Linux ulianza na Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Canberra, Australia, aliyeanza mwishoni mwa mwaka 1991 kwa kusikiliza mazungumzo ya kompyuta kwenye waya mpaka akaielewa lugha yao. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Samba, na maboksi mengi ya hifadhi yanaitumia ndani. Tridgell huyohuyo, pamoja na Paul Mackerras, ndiye aliyeandika rsync mwaka 1996, ile tunayokombolea picha zenu.

Kwenye ukurasa wa boksi fungueni watumiaji wawili, wewe na shemeji, wawekeni kundi moja, kundi lipewe ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye folda ya picha. Hapohapo rekebisheni umiliki wa faili za zamani, mara moja kwa folda nzima. Toleo la kwanza la SMB, SMB1, lizimwe. Udhaifu wake ndio uliotumiwa na WannaCry Mei 2017. Kisha kwenye Ubuntu:

`sudo apt install cifs-utils`
`sudo mkdir /mnt/hifadhi`
`sudo chattr +i /mnt/hifadhi`

Amri ya tatu inaigandisha sakafu: folda hiyo, ikiwa haijapachikwa kitu, haitapokea faili ya mtu yeyote, hata ya msimamizi mkuu. Mkeka wa mlinzi peke yake unatosha, ila kwa picha za watu nafunga milango yote miwili. Nimeihamisha pia kutoka ndani ya folda ya studio, kwa sababu kila unapofungua nyumbani kwako kompyuta inachungulia folda zote zilizomo, na boksi likiwa limelala dirisha zima linaganda.

Nywila isikae kwenye fstab, faili hiyo inasomwa na kila mtumiaji. Tengeneza faili /etc/siri-hifadhi yenye mistari miwili, wa kwanza `username=` ukifuatiwa na jina lako kwenye boksi, wa pili `password=` na nywila yako, kisha `sudo chmod 600 /etc/siri-hifadhi`. Mstari wa zamani uwekee alama ya # mbele, na chini yake andika huu, wote kwa mstari mmoja:

`//192.168.1.50/picha /mnt/hifadhi cifs credentials=/etc/siri-hifadhi,uid=1000,gid=1000,vers=3.0,noauto,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30,_netdev 0 0`

Washeni upya kompyuta. Ile folda ya zamani ya Hifadhi, ikishathibitika kuwa tupu, ifuteni kabisa ili mazoea yasiwarudishe huko.

Umeona nimeandika 50 badala ya 7. Rauta ndiyo inayogawa namba hizo, na ikizimika na kuwaka inaweza kuligawia boksi namba mpya huku simu ya mgeni ikipewa ile ya zamani. Hilo nalo lingeweza kuwafanyia kama la Ijumaa hata umeme usipokatika. Ingieni kwenye mipangilio ya rauta, sehemu ya DHCP, mliwekee boksi namba yake ya kudumu kwa kufuata anwani ya MAC iliyobandikwa mgongoni mwa boksi. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu polepole, hujaniambia kama kompyuta iko kwa waya au kwa Wi-Fi, kwa hiyo nakupa hesabu ya zote. Chukua harusi moja ya GB 40. Kwa Wi-Fi ya 2.4 GHz mtaani kwetu, ambako kila nyumba ina rauta na zote zinapigana hewani, MB 4 kwa sekunde ni kawaida: hapo ni karibu saa tatu. Kwa waya uliounganishwa kwenye tundu la Mbps 100, MB 11 kwa sekunde: saa moja. Kwa waya wa gigabiti, MB 100 kwa sekunde au zaidi kidogo: dakika saba. Boksi, diski, kompyuta, vyote ni vilevile. Tofauti yote iko njiani.

Andika `ip link` uone jina la kadi yako ya mtandao, tuseme enp3s0, kisha `cat /sys/class/net/enp3s0/speed`. Ikijibu 1000 mko sawa. Ikijibu 100, mshukiwa wa kwanza ni rauta yenyewe, maana rauta nyingi tunazopewa na watoa huduma zina matundu ya Mbps 100 tu. Dawa ni swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano: kompyuta na boksi vichomekwe kwenye swichi, na waya mmoja utoke kwenye swichi kwenda kwenye rauta. Mzigo wa picha hautapita tena kwenye rauta. Mshukiwa wa pili ni waya. Gigabiti inatumia nyuzi zote nane, na uzi mmoja ukilegea kwenye kichwa, mashine hukubaliana kushuka hadi 100 bila kusema neno.

Mkienda Kariakoo kununua waya, ombeni Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, na msiamini maandishi ya nje. Kuna nyaya nyingi za alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Inafanya kazi siku ya kwanza, ila inakatika kirahisi ikikunjwa, na kwenye viungo inalegea. Kwa mita kumi za sebuleni, tofauti ya bei haizidi nauli ya kurudi kubadilisha.

Kitu kingine cha kasi ambacho ni cha usalama pia. Kama mnatumia programu za picha za darktable au digiKam, faili ya katalogi yake, yaani ile kumbukumbu ya nyota, marekebisho na maneno mliyoyaandika, ibaki kwenye SSD. Kwa kawaida programu hizo zinatumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, na watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaonya kwamba kuitia faili kufuli kupitia mtandao, ili wawili wasiiandike kwa pamoja, hakuaminiki. Katalogi inaweza kuharibika. Picha zikae kwenye boksi, katalogi nyumbani, na nakala yake ipelekwe kwenye boksi mkishafunga programu. Darktable ina uwezo wa kuvuta nakala ya muda ya picha unazochakata sasa. Utumieni, mtaona kazi inavyokuwa nyepesi.

Sasa umeme wenyewe. Boksi, swichi na rauta viwekeni kwenye UPS moja, yaani betri ya akiba ya umeme. Vitatu hivi havili sana. UPS ndogo ya VA 650 inavibeba dakika za kutosha. Kompyuta ya mezani iwe na ya kwake. Muhimu kuliko ukubwa ni UPS iwe na tundu la USB, na waya wake uchomekwe kwenye boksi, si ukae kwenye kartoni kama ninavyoukuta kwa wateja wengi. Kupitia waya huo UPS inaliambia boksi kwamba umeme umeondoka, na boksi linajizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Kuzimika ghafla wakati diski inaandika ndiko kunakoharibu. Kwenye mipangilio ya boksi washeni pia ile ya kujiwasha umeme ukirudi. Betri ya UPS ni ya risasi na haipendi joto la Januari na Februari la hapa kwetu. Msiiweke juu ya kabati karibu na dari, na baada ya miaka miwili anzeni kuipima: chomoeni UPS ukutani boksi likiwa halina kazi, mhesabu dakika.

Bado kuna jambo hukuliuliza. Diski mbili ndani ya boksi, kama zimewekwa kwa kioo, yaani kila faili inaandikwa kwenye zote mbili, zinawakinga na kifo cha diski moja. Hazikingi kitu kingine. Ukifuta folda kimakosa, imefutika kote kwa wakati mmoja. Mwizi hubeba boksi zima. Maji ya masika yakiingia sebuleni hayachagui diski. Kwa hiyo ile diski ya nje mtakayonunua kwa ukombozi huu isirudi kuwa ya muziki. Kila Jumatatu nakilini kazi mpya, kisha ikae nyumba nyingine, kwa mama au kwa ndugu mnayemwamini, mkiwa na mbili za kubadilishana.

Watu wataniuliza kwa nini nisiwaambie mpeleke kila kitu kwenye hifadhi ya intaneti. Pigeni hesabu: TB 2 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 10 ni siku 18 na zaidi bila kupumzika, na kama mnanunua bando, fedha yake inanunua diski kadhaa. Halafu kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku hiyo mwenye boksi nyumbani aliendelea kuchakata harusi zake, kwa sababu waya wa kutoka mezani hadi kwenye swichi haupiti baharini. Picha mia mbili zilizochaguliwa na mteja, hizo sawa, pakieni.

Mkimaliza yote, jaribuni siku isiyo na kazi. Zimeni boksi kwa makusudi kisha mwashe upya kompyuta. Inatakiwa iwake haraka kama kawaida. Fungueni terminali mwandike:

`touch /mnt/hifadhi/jaribio`

Itangoja, kama nusu dakika, halafu itakataa. Mkiona imekubali, simameni hapohapo, kuna neno limekosewa kwenye mstari, nitumieni niusome. Ikikataa, washeni boksi, mpe dakika zake, na bila kugusa kitu kingine mrudie amri ileile. Safari hii itapita kimya, na shemeji kwenye laptopu yake ataiona faili ya jaribio, na ataweza kuifuta.